Shangazi Toakase Aulizwa Jina

Lesieli alikuwa mwanamke wa kicheko. Katika chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, kusini mwa Auckland, wenzake walijua kama yuko zamu kabla hawajamtia machoni. Kwa hiyo jioni ile mumewe, Inoke, alipomkuta sebuleni kanuna, mkono kiunoni, anaikodolea macho simu ya mezani, alijua pameharibika.

"Wamepiga tena?"

"Wamemtukana baba."

Simu ilikuwa ya baba yake, mzee Semisi, ambaye ya mkononi hakutaka hata kuisikia. Kwa simu hiyo ya mezani alipiga soga na wazee wenzake wa kanisani, akapata habari za misiba na harusi, na kila Jumapili baada ya ibada alijuliana hali na dada yake aliyeko visiwani Tonga. Siku hizi lakini ilikuwa imevamiwa. Mara kompyuta yenu ina virusi, na kompyuta yenyewe hawana. Mara umeshinda zawadi. Sasa kazuka jamaa mmoja aliyejidai mtu wa benki. Mzee alipomnyima namba ya siri, jamaa alimporomoshea matusi, na tangu hapo akawa anapiga kwa kutukana tu. Mzee akaacha kupokea. Simu ikilia, alijikunyata kitini na kujifanya amesinzia.

Lesieli akanunua kimashine cha kuzuia simu. Namba za watu wa nyumbani unaziingiza humo, nao wanapita moja kwa moja. Mgeni huulizwa jina kwanza; anachosema kinasikika kwenye spika, nawe unabonyeza moja apite, au mbili afungiwe asirudi tena. Lesieli akaingiza ndugu, akaingiza kwaya nzima, akaingiza mchungaji. Nyumba ikatulia. Mzee akaanza tena kupiga mluzi akinyoa ndevu.

Jumapili, shangazi Toakase alipiga kwa simu ya jirani, maana simu yake ilikuwa imeisha chaji.

"Tafadhali taja jina lako," mashine ikamwambia.

Shangazi wa Kitonga si mtu wa kuulizwa jina. Akikohoa yeye, ukoo mzima unanyamaza, na kaka zake pia.

"Unaniuliza jina mimi? Kwenye nyumba ya kaka yangu? Wewe mtoto wa nani?"

"Tafadhali taja jina lako."

Shangazi akakata. Kufumba na kufumbua binamu Vaisima, wa huko huko Tonga, alikuwa hewani. "Lesieli, umefanya nini wewe? Shangazi kavua kofia ya kanisani kaitupa kitandani! Anasema umeweka askari mlangoni, anamhoji kama mwizi wa kuku."

"Mungu wangu! Mwambie nitampigia nimwombe radhi."

"Usijisumbue. Anakuja."

"Krismasi?"

"Alhamisi."

Alhamisi Lesieli alitandika mkeka ule mzuri wa mama yake, akaoka nyama ya kopo na tui ndani ya majani ya magimbi, kisha akaketi sakafuni, kichwa chini. Shangazi alikaa kitini, mpana, mkoba mapajani. Mzee Semisi, kwa heshima ya kaka kwa dada, hakukaa naye chumba kimoja. Alibaki chumbani kwake, mlango wazi kidogo.

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe wewe au hicho kidude?"

"Sote wawili, shangazi."

Kabla hajajibu, simu ikalia, na spika ikatoa sauti: "Ni mimi wa benki. Mwambieni huyo mzee mpumbavu apokee."

Inoke aliyekuwa anakata magimbi alikishusha kisu taratibu.

"Nani huyo anayemwita kaka yangu mpumbavu?"

"Huyo ndiye aliyetufanya tununue mashine, shangazi."

"Bonyeza moja."

"Lakini shangazi..."

"Moja, nimesema!"

Akaushika mkono wa simu wala hakupaza sauti. "Hujambo, mwanangu. Mama yako yu hai? ... Usinitukane, nimekuuliza habari za mama. Anaijua kazi yako hii? ... Haijui. Basi fumba macho tuombe."

Akafumba yake, akaomba. Alimwombea mama wa kijana, akamwombea miguu yake iache njia mbaya, akamsihi Bwana aukoshe ule mdomo kwa maji mengi. Mwanzoni jamaa alifoka, kisha akanyamaza. Mwishowe walimsikia akisema kwa unyonge, "Mama, basi, inatosha," akakata.

"Sasa bonyeza mbili," shangazi akasema. Akakigeuza kile kimashine mkononi. "Kina kazi. Ila hakikulelewa."

Inoke, aliyeona mwanya, akaeleza kwamba mtu anaweza kukirekodia sauti yake mwenyewe. Shangazi akajinyoosha, akasafisha koo kama anayesimama mbele ya mkutano wa kina mama.

"Hii ni nyumba ya Semisi, kaka yangu. Umekuja kwa heri? Taja jina lako na la mama yako, usubiri kwa adabu. Umekuja kwa shari? Rudi kwenu ukale."

Chumbani kikasikika kishindo cha kicheko kilichozibwa kwa mto.

"Semisi, unacheka nini?"

"Sicheki, dada. Kikohozi."

Hapo Lesieli alishindwa kujizuia. Alicheka hadi akalala chali juu ya mkeka wa mama yake, na shangazi, mabega yakimtikisika, akaagiza chakula kipakuliwe.

Tangu siku hiyo wakorofi walikuwa wakiisikia sauti ile na kukata wenyewe. Wanakwaya ndio walioleta udhia: waliomba namba zao zifutwe, nao waulizwe jina na shangazi.

Alasiri moja Lesieli alirudi kutoka kazini akamkuta baba yake amenyoosha miguu, simu sikioni, anacheka hadi machozi.

"Nani huyo, baba?" akamuuliza alipoweka simu chini.

"Muuza mapazia. Kataja jina, kataja na la mama yake, vizuri kabisa. Mama ni Msamoa, anaumwa goti. Jumapili tunamwombea."

"Umenunua mapazia?"

"Mapazia ya nini?" mzee akashangaa. "Kasema kesho atapiga tena."