Mpiga Picha wa Kivinje na Kumi na Mbili Zilizobaki

Mpiga picha wetu wa Kivinje ana kamera ya zamani, ndogo kama kipande cha sabuni. Inakata kila picha nusu, hivyo mkanda wa watu thelathini na sita unameza sabini na wawili. Ukiitikisa unawasikia wakikohoa humo ndani. Yeye huifuta kwa pindo la shati, akachungulia tarakimu, akasema taratibu kama anayesoma hitima, "Bado." Mkanda usipojaa hautoi kwenda kusafishwa Dar, hata umlilie. Basi dada yangu Somoe alipigwa picha sikukuu ya Idi, akafa kabla ya msimu wa korosho, na picha yake pekee duniani imo tumboni mwa kidude kile. Arobaini yake ilipopita nikamwendea nimefura.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili, bibi."

Nikamsogezea beberu wangu. "Mpige huyu zote, unipe dada yangu."

"Mbuzi simpigi, bibi. Kila nusu ina mtu wake."

Nikakaa kitini mwenyewe. Nilitaka abonyeze upesi kama mtu anayetwanga. Wapi. Kila picha aliweka kamera chini, akaja na vidole vyake virefu kunitengeneza ushungi, akarudi hatua tatu, akashusha pumzi. Adhuhuri ikaadhiniwa tuko ya saba.

Tulipofika ya kumi na mbili akasema, "Hii ya mwisho usinune, bibi. Unasafiri na marehemu hadi Dar, mkanda mmoja."

Nikanuna maradufu. Machozi yalikwishafika mlangoni, na hayo sikumruhusu ayapige picha.