Beseni la Maji Darasani Mutsamudu

Katika chuo cha Kurani nilichosomea Moroni, kisiwani Ngazija, aliyehifadhi sura hakuruhusiwa kuanza nyingine kabla hajamsomesha mwenzake aliyekuwa nyuma. Nilipopelekwa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kufundisha sayansi kwa Kifaransa, nikawakuta wanafunzi wakinakili ubao kimya kimya, niliirudia desturi hiyo: kila somo lilifungwa na mwanafunzi mmoja aliyewaeleza wenzake kwa Kinzwani, lugha yao ya nyumbani, nao wakamhoji hadi waridhike.

Binti mmoja mwembamba wa sauti akawa hodari wa kuhoji kupita wote, na taabu ikaanzia hapo. Ilikuwa miaka ya mamluki, askari wa kukodiwa kutoka Ulaya walioishika nchi. Neno la barazani liliweza kumfikisha mtu gerezani, na wazazi waliwafunza watoto kunyamaza kama walivyowafunza kutawadha. Baba yake, kuli wa bandarini, alikuja kuniona. Alivua viatu mlangoni kana kwamba anaingia msikitini, akaniita fundi, kama anavyoitwa mwalimu visiwani kwetu.

“Fundi, huyu sasa anauliza kila kitu. Juzi kamuuliza jirani kwa nini wale wazungu wanaingia sokoni na bunduki. Na jirani mwenyewe simjui vizuri. Mwezi ukiisha namtoa shule.”

Nilimwomba aje kusikiliza asubuhi moja tu.

“Kinzwani chako kina chumvi ya Ngazija, fundi,” alisema, akitabasamu kidogo. “Lakini nitakuja.”

Alikaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani. Zamu ilikuwa ya bintiye. Alitia msumari katika beseni la maji, ukazama. Akaweka kopo tupu la maziwa, likaelea.

“Vyote chuma. Nani ataeleza?”

“Kopo lina hewa!” mvulana mmoja alidakia.

“Hewa! Hewa ikubebe wewe na kichwa chako hicho!” mwenzake alimtania.

Darasa likacheka. Ndipo sauti nzito ikatoka nyuma:

“Na likitoboka?”

Wote waligeuka. Baba alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

“Njoo utoboe, baba, tuone,” binti alisema.

Alikuja. Alilitoboa kwa msumari uleule, akalirudisha majini kwa uangalifu, na sote tukainama kulitazama likizama taratibu.

Kipindi kilipokwisha alivaa viatu bila haraka.

“Mwache aulize, fundi. Ila mfundishe pia ni nani wa kumuuliza.”

Kisha akalichukua lile kopo lililolowa, akamwambia bintiye kwamba jioni wangeliziba kwa lami ya mashua, wajue kama litaelea tena.