Nyundo ya Mwenyekiti

Kuna watu huzaliwa na kipaji cha kuimba, wengine cha kufuga. Ejvind Kvist wa kijijini kwetu Lyngtofte alizaliwa na kipaji cha kuwa mwenyekiti. Kuimba hajui. Nguruwe aliwafuga mpaka wakamshinda. Lakini mwekee meza, watu watatu na birika la kahawa, na kabla kahawa haijapoa atakuwa ameshauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha mazoezi ya viungo mpaka wanachama wote wakaumwa magoti. Akawa mwenyekiti wa chama cha antena za luninga mpaka watu wakaacha kutumia antena. Akawa mwenyekiti wa chama cha maji, mpaka halmashauri ikaja kuyachukua maji yake. Hakuna chama kilichowahi kumwondoa. Vyama ndivyo vilivyomfia mikononi, kimoja kimoja, na kila kimoja alikizika kwa hotuba. Mkewe, Gerda, alikuwa akisema, "Mume wangu amekwenda mazishi mengi kuliko kasisi."

Kikabaki kimoja: Chama cha Kilimo cha Jumanne. Jina lisikudanganye, udongo hatugusi. Tuko wanne, tunakutana Jumanne mchana kwenye jumba la kijiji, tunakaa mbele ya luninga kubwa iliyonunuliwa kwa ajili ya mpira, kila mtu na rimoti yake, na tunalima shamba lililo ndani ya gemu. Tuna kabichi, ng'ombe, mizinga ya nyuki na kiwanda kidogo cha jibini. Nje ya dirisha kuna mashamba ya kweli mpaka macho yachoke, yote yanalimwa na mtu mmoja mwenye trekta inayojiendesha. Sisi tumo ndani tunapalilia kwa mkono. Huko ndiko kuendelea.

Wanachama ni Ejvind. Bodil, aliyekuwa na saluni karibu na kanisa, na hakuna kichwa hapa ambacho hajakishika. Verner, tarishi mstaafu, mtu mpole ambaye hata nzi humfungulia dirisha. Na mimi, niliyeingizwa kwa sababu katiba inakataa chama chenye watu watatu.

Sasa, mwaka juzi kwenye mkutano mkuu, ambao kijiji kizima huhudhuria na kupiga kura, Bodil alisimama akasema anagombea uenyekiti. Ukumbi mzima ulitazama meza. Kwetu mtu hagombei. Mtu husukumwa, akakataa, akasukumwa tena, akakataa kidogo, ndipo akakubali huku akilalamika. Ejvind alishikwa na kitu kama homa. Akaahidi mbele ya watu wote, na mbele ya soseji za mkutano, kwamba kabla ya mkutano unaofuata chama kitafika chini kabisa ya pango, na kisipofika atakiacha kiti mwenyewe. Wakamrudisha. Watu hupenda kumwona mtu akijichimbia kaburi.

Pango lenyewe liko nyuma ya shamba letu la gemu. Linashuka ghorofa baada ya ghorofa, na kila ghorofa ina madude mabaya kuliko ya juu yake. Chini kabisa kuna Zimwi la Mawe. Mpaka siku ya ahadi ile tulikuwa tumefika ghorofa ya tatu tu, tukarudi mbio kwa sababu Verner alimwonea popo huruma.

Unaweza kudhani ni suala la kununua silaha nzuri, basi. Mhunzi wa gemu anazo tele. Lakini katiba yetu ina kifungu, na kifungu hicho alikiandika Ejvind kwa mkono wake: mwanachama asibebe chombo kilicho kizuri kuliko cha mwenzake. Hapa Lyngtofte hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu akinunua gari jipya, hulipitisha kwenye matope kwanza ndipo alilete nyumbani. Kwa hiyo tukanunua visu vinne vya bei ya chini, vilivyofanana kama mayai, ambavyo hata jibini letu vililikata kwa shida. Ulikuwa usawa wa kupigiwa mfano. Tulikufa wote sawa.

Ukizimia pangoni, gemu inakurudisha kitandani shambani, mifuko imeporwa. Msimu mzima wa baridi tulikuwa tukiamka vitandani.

"Tumeonyesha mshikamano," Ejvind alisema siku moja, baada ya sote wanne kumezwa na dude moja la ute.

"Tumeonyesha migongo," Bodil akasema.

Mtu akicheza utamjua. Verner aliyamwagilia madude maji kwa keni ya bustani, labda yatulie. Ejvind alisimama katikati ya njia, hapigi, hakimbii, kana kwamba analingoja dude liombe nafasi ya kuzungumza. Bodil peke yake alikuwa anapigana: anachoma, anarudi nyuma, anachoma, anarudi nyuma, kama anakata nywele za mtoto asiyetulia. Kwa kile kisu butu alikuwa anafika mbali kuliko sisi, halafu anakufa mwisho, peke yake, akituangalia kwa jicho ambalo wateja wake wa saluni wanalijua.

Siku zikaenda. Ikabaki Jumanne moja kabla ya mkutano mkuu wa Jumamosi. Ejvind alikuja amenyoa ndevu na amevaa tai.

"Naitisha mkutano wa dharura," alisema. Vikatuni vyetu kwenye luninga vilikuwa vimesimama mbele ya mhunzi, ndani ya duka.

"Hapa hapa dukani?" Bodil aliuliza.

"Akidi imetimia."

"Saa ya gemu inakwenda, bwana. Mhunzi anafunga saa kumi."

"Ajenda ya kwanza ni kumchagua mwongoza mkutano."

Verner akamteua Ejvind, kwa mazoea tu, kama mtu anayejikuna. Ejvind akashukuru kwa imani hiyo kubwa. Kisha tukajadili kama kile kifungu kifutwe au kisimamishwe kwa muda. Ejvind, mwandishi wake, alitaka kisimamishwe. Bodil alitaka kujua kilikuwa kinafanya kazi gani hata kisimame. Mkuki kwa nguruwe: mwaka mzima sheria ilikuwa tamu, sasa imemgeukia mwenyewe ndipo akaona ina ncha. Wakaendelea hivyo mpaka mhunzi akazima tanuri, akatusukuma nje na kufunga mlango, huku Ejvind akiuliza kama kuna mchangiaji mwingine.

Ikabidi tulale usiku wa gemu. Duka lilipofunguliwa tena, kifungu kilikuwa kimesimamishwa kwa kauli moja, na kabichi zote za kiangazi zilikuwa zimeuzwa. Fedha ilitosha kumvisha mtu mmoja.

Kulikuwa na jambia, jepesi kama sindano, lenye kasi, ila lazima umsogelee adui mpaka ujue amekula nini. Kulikuwa na upanga mrefu, wa wastani kwa kila kitu, silaha ya mtu mwenye akili timamu, kwa hiyo hatukupoteza muda kuutazama. Na kulikuwa na nyundo ya vita. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kama tumbo la ng'ombe. Inavunja mwamba, lakini ukiinyanyua unaweza kwenda kujisaidia ukarudi kabla haijashuka.

Ejvind aliiona, uso ukalainika.

"Nyundo," alisema.

"Chukua upanga," Bodil akamwambia. "Mkono wako mzito, mzee wangu. Nyundo nzito juu ya mkono mzito, utageuka sanamu."

"Zimwi ni la mawe. Upanga utalikuna tu."

Bodil akafikiri. "Hapo kweli. Basi nani aibebe?"

Verner akagundua kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa.

"Mwenyekiti," Ejvind alisema, "habebi kwa ajili yake. Anabeba kwa niaba."

"Kwa niaba ya nani?"

"Yenu."

"Lo, mbona tumebarikiwa."

Kofia yenye pembe aliikataa, kwa sababu, tofauti na picha za vitabuni, mababu zetu hawakuvaa pembe vitani, na tukapata somo la historia tusiloliomba. Akavaa ya bakuli. Kwenye buti Bodil alijaribu tena. "Hizi za ngozi zinaongeza mwendo."

"Mimi sikimbii."

"Najua. Ndiyo maana tunakufa."

Akachukua za chuma, zinazokinga moto na kumfanya mtu atembee kama anayevuka matope. Kulikuwa na pete mbili. Moja inaponya majeraha taratibu, nyingine inang'aa gizani. Alichukua ya kung'aa. Alisema ni ili tumwone. Sisi tukabaki na visu vyetu vya jibini, Verner na keni yake.

Tukashuka. Sitasema tulipigana vizuri. Bodil alipigana, na Ejvind alikuwa akifika kila vita ilipokwisha, aking'aa. Lakini tulishuka, ghorofa kwa ghorofa, mbali kuliko tulivyowahi kufika. Kwenye ghorofa iliyo juu ya ile ya mwisho, Verner akaweka rimoti mezani.

"Saa tisa," alisema. Saa tisa ni kahawa.

"Verner! Tumebakiza mlango mmoja!" Ejvind akalia.

"Gerda katengeneza keki ya tabaka," Verner akasema, akainuka kwenda kuikata.

Gemu ya watu wengi haisimami kwa sababu mmoja wao anakunywa kahawa. Kikatuni cha Verner kilisimama peke yake, keni mkononi, na madude yakamla polepole, kama watu waliokaribishwa. Mimi nilimfuata kwenye keki. Sina utetezi. Ilikuwa na stroberi.

Kwa hiyo ni Ejvind na Bodil tu waliofungua mlango wa mwisho. Gerda, aliyekuwa ameileta keki mwenyewe, aliacha kumimina kahawa. Zimwi likainuka, likajaza luninga nzima. Ejvind akanyanyua nyundo. Ikapanda. Ikaendelea kupanda. Zimwi likampiga mara moja, mstari wake wa uhai ukashuka nusu. Likampiga tena, ukabaki uzi mwekundu. Nyundo ikashuka hatimaye, ikapiga sakafu.

Upande wa pili Bodil alikuwa anachoma, anarudi nyuma, anachoma. Hakuguswa hata kidogo. Lakini kisu kilikuwa kinateleza juu ya mawe bila kuacha alama.

"Nirushie hiyo nyundo," alisema.

Ejvind alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo. Pigo moja tu lingempeleka kitandani na nyundo ingepotea, na Jumamosi angesimama mbele ya kijiji kizima kueleza. Akimpa Bodil, pango litaisha, lakini kila mtu atajua limeishia mkononi mwa nani. Hayo yote yalikuwa usoni mwake, wala hakujua kuyaficha. Mtu aliyezika vyama vyote vile, na hiki ndicho cha mwisho.

"Likifa," aliuliza, "itasemwa ni nani kaliua?"

"Chama," Bodil akajibu bila kutoa macho kwenye luninga. "Si ulisema unabeba kwa niaba? Nami nitaua kwa niaba. Haya, rusha, linakuja!"

Ejvind akabonyeza rimoti. Nyundo ikaanguka sakafuni katikati yao, na zimwi likamgeukia yeye kwanza. Alizimia pale pale, amevaa buti zake za chuma.

Bodil aliiokota. Hakuinyanyua vile Ejvind alivyoinyanyua. Alingoja zimwi lirushe mkono, akapita chini yake huku nyundo tayari iko juu, akairudisha chini, akatoka. Akafanya hivyo tena na tena. Lilipopasuka, mawe yalianguka kwa muda mrefu kiasi kwamba Verner alipata kipande cha pili cha keki.

"Hongera," Ejvind alisema. "Hongera kwa chama."

Jumamosi alisoma taarifa ya mwenyekiti. Alisema chama kimefika chini, chama kilionyesha ushupavu, chama kilikabiliana na zimwi. Jina la Bodil halikutajwa, na kila mtu aligeuka kumtazama Bodil. Ulipofika uchaguzi Verner aliinua mkono.

"Namteua Bodil."

"Verner!" Ejvind alisema, kama mtu aliyekanyagwa.

"Samahani, Ejvind. Wewe unaongea vizuri zaidi. Ila yule anajua kupiga."

Bodil hakukataa hata mara moja, jambo ambalo kina mama wengine bado wanalizungumzia. Alishinda kwa kura nyingi hadi aibu. Ejvind alipewa chupa ya mvinyo, akaishika shingoni, akasimama nayo pembeni ya jukwaa hajui aketi wapi, kwa sababu kwa miaka yote ile kiti chake kilikuwa cha mbele. Gerda akamvuta mkono.

Tulidhani Jumanne haji. Alikuja, bila tai. Alikaa mwishoni, karibu na mlango. Bodil alikuwa tayari yuko kwa mhunzi, na mawe ya zimwi yalikuwa yameuzwa kwa fedha nyingi.

"Ejvind, unataka silaha gani?"

"Itategemea wanachama wataona..."

"Sijawauliza wanachama. Nimekuuliza wewe."

"Lazima ipigiwe kura."

"Haipigiwi."

"Basi hiki si chama. Ni genge."

"Ni genge. Chagua, mzee, nina kabichi za kuvuna."

Alisogeza kiti. Akaegemea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alitazama jambia, akatazama nyundo akaiacha haraka, akarudi kwenye rafu ya juu ambako ile siku hatukutazama.

"Ule upanga mrefu," alisema, taratibu, kama mtu anayeomba kitu ugenini. "Ule wenye mpini wa bluu."

"Ni ghali. Ni mzuri kuliko silaha zetu sote."

"Najua." Akaugusa kwa kidole kwenye kioo. "Ndio huo ninaoutaka."

Bodil akamnunulia. Sisi wengine tulitazama meza. Ejvind akauvaa ule upanga mgongoni, akaingia pangoni mbele yetu, akakutana na dude la ute la kwanza, akalipiga, akalikosa, akacheka peke yake, akapiga tena.