Makala Isiyokuwa ya Wavinya

Ukitaka habari ienee Ruiru yote kabla ya chai ya saa nne, mwambie Wavinya. Nasema hivyo nikimpenda. Tumekaa naye ploti moja ya vyumba vya kupanga tangu aje kusomea shahada ya udaktari pale Juja, udaktari wa mimea, si wa sindano, na sijawahi kumwona akikaa na neno. Akifurahi anapiga kelele kuanzia getini. Akikasirika pia. Sasa nikikuambia kwamba huyu huyu Wavinya alifunga mdomo msimu mzima wa nyanya, ujue nakusimulia muujiza.

Mimi nauza matunda ya kukata karibu na stendi, na maganda yote ya mananasi yangu yalikuwa yake. Aliyaloweka kwenye ndoo nyuma ya ploti mpaka yakachacha, kisha akayamwaga maji yake kwenye nyanya alizopanda hapo hapo. Alikuwa akitafuta dawa ya vile viminyoo vya udongoni visivyoonekana kwa macho, vinavyofanya mizizi ya nyanya iote manundu mpaka mmea udumae. Kila mkulima kuanzia hapa hadi Thika amevilaani. Siku aliyong'oa mche akakuta mizizi laini, safi, alizunguka ploti nzima akiwa ameuinua juu, udongo ukimdondokea kichwani.

"Mama Ciku! Maganda yako! Aki maganda yako imefanya!"

Nililia kwa furaha hata kabla sijaelewa nalilia nini. Nilipoelewa, nikataka jina langu liandikwe juu ya makala ya utafiti aliyokuwa akiiandaa, kando ya lake.

"Zii, Mama Ciku. Mwandishi ni mtu amefanya utafiti na anaweza kuutetea. Wakikuuliza kuhusu hivyo viminyoo utasema nini?"

"Nitasema vimekufa."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe nitakuweka kwa shukrani, hapo mwisho. Hiyo siwezi kosa."

Nikanuna kidogo, lakini nikakubali huko mwisho.

Alichokitaka yeye kilikuwa kimoja tu: awe wa kwanza. Kwa hao watu wa majarida ya utafiti, anayechapisha kwanza ndiye anayehesabiwa amegundua. Wavinya alikuwa amesoma kila kitu akahakikisha hakuna aliyewahi kuandika kuhusu maganda ya nanasi na viminyoo hivyo. Mama yake kule Machakos alishaambiwa, na kanisa likaambiwa. Ilibaki shida moja: mara nyingine dawa ile iliunguza miche michanga, na hakujua kwa nini. Akaamua apande msimu mmoja zaidi, kisha atume makala.

Basi katikati ya hapo, Profesa Gurjeet akamtumia kazi. Profesa ni mama wa Kisikh wa kule Thika, aliyestaafu kufundisha na sasa ni mhariri wa jarida la kilimo. Makala ikimfikia, huwapa wanaolijua jambo hilo waisome kwanza na kusema kama inasimama. Jina la mwandishi hufichwa. Naye anayeisoma haruhusiwi kumwambia mtu yeyote wala kukitumia kilichomo kwa kazi yake, mpaka itoke. Profesa alijua Wavinya ni mtu wa nyanya. Habari za ndoo zetu hakuzijua.

Wavinya aliifungua kwenye simu akiwa pale kwangu kibandani. Nikaona macho yamemtoka.

"Ni kweli!" akapiga ukelele, wateja wakashtuka. "Mama Ciku, ni kweli kabisa!" Akanirukia na kunikumbatia, kisu bado ki mkononi mwangu.

"Ngai! Nini ni kweli?"

Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Siwezi kukwambia."

Nilidhani anaumwa. Leo naweza kukueleza alichokiona, kwa sababu kilishachapishwa. Kulikuwa na mtu mahali amefanya kazi ile ile. Nanasi, nyanya, viminyoo, kila kitu. Tena mtu huyo alishajua kwa nini miche inaungua: dawa imemwagwa kabla povu la kuchacha halijatulia. Ukingoja povu litulie, haiunguzi.

Fikiria uko mahali pake. Angeweza kuikalia makala ile, aseme ana shughuli, atume yake mbio mbio, na hilo la povu ndani. Nani angejua? Mimi ningeikalia, nakuambia wazi, na ningelala vizuri.

Yeye alimwandikia Profesa siku hiyo hiyo: hii ni kazi kama yangu, sifai kuihakiki, mpe mwingine, na ujue nimeiona. Profesa akamshukuru, akampa mwingine. Lakini povu lilikuwa limeshaingia kichwani, na kichwa hakifutiki.

Msimu ukaanza. Nikamwona kwa macho yangu anamwaga dawa povu likiwa juu, vile vile alivyozoea. Safu nzima ya miche ikaungua majani. Safu nzima! Nilipandwa na hasira, maana ndoo zile nilizibeba mimi.

"Wewe Wavinya, hizo nyanya zinakufa ukiangalia! Hakuna njia ingine?"

Machozi yakamlengalenga. "Iko."

"Si basi uifanye!"

"Si yangu, Mama Ciku. Wacha tu."

Njia ya kumwagilia nyanya inakuwaje ya mtu? Nikajua masomo yamemlemea. Kwa hasira nikaacha kumletea maganda, nikawa nampita kwenye korido kama mgeni. Naye wala hakujitetea.

Kisha asubuhi moja, nyanya zilizopona zikianza kuiva, nikasikia ile sauti getini.

"Imetoka! Imetoka! Mama Ciku, sasa naweza kusema!"

Akamwaga yote bila kupumua. Mwandishi anaitwa Mwanzia, mwalimu wa huko Ukambani. Mimi damu ilinichemka.

"Kwa hivyo amekushinda!"

"Amenishinda, ndio!" Analia na kucheka pamoja, hata hajui afanye lipi. "Lakini si unaona? Watu wawili hawajuani, kila mtu na ndoo zake, wameona kitu moja! Sasa nani atasema tulikuwa tunaota?"

Profesa alimwambia atume yake pia, kama ushahidi wa pili. Akaiandika jinsi ilivyokuwa, miche iliyoungua ikiwemo, na kwamba tiba ya kuungua ni ya Mwanzia. Kisha akaomba ruhusa kwa Profesa, hata hapo aliomba, amwambie Mwanzia kwamba aliwahi kuifungua makala yake.

Alipoambiwa, Mwanzia akaja Ruiru mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alichuchumaa kwenye ile safu, akashika shina lililokauka.

"Hapa ulimwaga na povu."

"Ndio."

"Na ulikuwa umeshasoma yangu."

"Ndio."

Akaligeuza lile shina. Aliposimama alimpa Wavinya mkono, mikono yote miwili.

Wavinya akaigeukia milango. "Tokeni nje!" akaitangazia ploti nzima. "Kujeni muone mtu wa kwanza! Huyu hapa ndiye wa kwanza!"

Watu wakatoka, wengine na vijiko mkononi, wakampigia Mwanzia makofi bila kujua ni ya nini. Mimi nilijua. Nilishika nguzo ya kamba ya nguo nikalia.

"Na maganda ulikuwa unatoa wapi?" Mwanzia akauliza.

"Kwa huyu Mama Ciku. Yuko kwa shukrani."

Nikaingia ndani nikatoa nanasi kubwa kuliko yote, nikaketi kulimenya mbele yao. Kabla sijakata hata kipande kimoja cha kula, wote wawili walishaleta ndoo.