Setilaiti Haibipiwi

Safari zangu nyingi ziliishia kwenye vichanja vya kahawa nyuma ya nyumba, pale Iyula. Kwa hiyo shemeji, mume wa dada yangu, aliponiletea vifaa viwili vya kuitia msaada porini nimsaidie kuchagua, hakukosa la kusema: "Shem, kwani wewe umewahi kupotelea wapi, njia ya chooni?" Ila Kiingereza cha maelekezo nilikisoma kidogo, ndiyo faida pekee ya kidato cha nne changu.

Alikuwa amepata kazi ya kuwaongoza wataalamu wa miamba mabondeni, mbele ya Galula, ambako simu haishiki. Bosi alitaka achague kimoja, kingine kirudi. Dada alikuwa hana raha. Safari iliyopita pikipiki ilimwangukia mumewe huko huko, na sisi tulikuja kujua siku wafugaji walipomleta nyumbani wamembeba.

Nikaviweka mezani. Cha manjano kilikuwa na antena ya kukunjua na betri ya kukaa miaka, na kilijua neno moja tu: njooni. Ukikiwasha, setilaiti inawaonyesha waokoaji ulipo. Cha rangi ya chungwa kilikula betri za dukani na kampuni ilikilipia kila mwezi, lakini zaidi ya kitufe cha hatari kilikuwa na kingine, cha kutuma kwenye simu ya nyumbani kwamba mwenyewe ni mzima, na yuko wapi. Vyote vilitaka anga wazi; chini ya miti iliyofungamana ni mapambo.

Shemeji akapenda cha manjano, eti kigumu. Nikamuuliza, akiumia atafanyaje?

"Nabip, nakata. Si watapiga wenyewe?"

Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyevuka mito mingi, kwamba setilaiti haibipiwi. Unawasha, unaiacha iite, na hakuna atakayekupigia.

Dada, aliyekuwa akichambua maharage, hakuinua macho. "Hicho kinaongea na waokoaji," akasema. "Na mimi naongea na nani?"

Shemeji akakisukuma cha manjano upande wangu, kirudi kwa bosi.

Ujumbe wa kwanza kutoka mabondeni ulipoingia, kwa Kiingereza, dada alinipa simu nimsomee. Yuko mzima, nikasema. Akauliza kama amekula. Nikamwambia kitufe hakina neno hilo. Akaichukua simu, akaisogeza mdomoni.

"Na ule," akaiambia.