Mwenye Duka la Askari wa Bati
Mwenye duka la vinyago vya askari wa bati hapa Siena, Italia, hasalimii mteja, anamkagua. Kucha zake zina rangi nyekundu, na brashi haiachii hata akila mkate. Ukigusa askari aliyevaa chuma mwili mzima, anakupokonya: "Vita vya Montaperti tulipigana na Firenze mwaka 1260, bwana! Wakati huo hata babu wa fundi wa deraya hii alikuwa hajazaliwa!" Juzi Bi Ersilia wa kamati ya mtaa wetu alifuata askari wa maonyesho ya vita hivyo ya Jumapili. Akakuta Wasiena mia tatu bila Mfirenze hata mmoja, kwa sababu mjini humu hakuna anayenunua adui.

"Sasa tunampiga nani, mzee? Upepo?"

"Nimpake rangi Mfirenze, mimi? Marehemu mama atafufuka anizabe kofi!"

"Basi tutaandika kwenye kibao cha maonyesho kwamba Siena ilishinda vita bila adui."

Mzee akavuta Wasiena mia, akaanza kuwachora yungiyungi jekundu, nembo ya Firenze, kwenye ngao nyeupe. Leo tumewapokea wakiwa wamegundishwa ubaoni. Kofia ni za karne ile ile ya vita, ngao hazina kasoro, na Wafirenze wote mia wamegeuza mgongo, wanakimbia.

"Hata kabla vita havijaanza?" Bi Ersilia akauliza.

"Historia ndivyo inavyosema, mama!" akafoka, akabamiza mlango.