Vipimo vya Bibi Harusi wa Mwambani

Mimi niliacha shule darasa la tano, mwalimu alipoishiwa cha kunifundisha. Leo nitawasimulia habari za mpwa wangu, fundi cherehani. Nikimaliza, tafadhali msinitazame usoni.

Chumba chake kina dirisha moja, cherehani mbili na daftari la vipimo. Ukilifungua, katikati ya vifua na viuno vya wateja, utakuta ukurasa ulioandikwa "Bibi Harusi". Huyo si mtu. Ni sifongo wa baharini, mnyama asiye na jicho wala mguu, aliyeshika mwamba chini ya ukingo wa matumbawe, mahali ambapo jua hufika limeshachoka. Alisimama kama mtungi mrefu wa zambarau, mwili mzima vitundu vitundu vya kunywea maji, na juu mdomo mmoja mpana wa kuyatolea. Kamba wadogo walikuwa wamepanga humo ndani.

Kila mwezi, maji yakipwa, mpwa wangu huvaa miwani ya kuzamia, akashuka na tepu yake. Kimo, kiuno, upana wa mdomo. Miaka sita, na Bibi Harusi alirefuka kidole kimoja tu.

"Mteja wangu huyu hanenepi ovyo kama wewe, Mjomba," husema.

Mwaka huu alianza kumtarizi kwenye kitambaa, picha ya kutundikwa darasani shule ya jirani. Alikuwa akishuka na vipande vya nyuzi kulinganisha rangi. Ulimshinda mdomo.

"Rangi ya ndani siipati. Pumzi inaniishia kabla sijaiona vizuri."

Nikacheka. "Pumzi? Mimi ujanani nilikaa chini mpaka samaki wakanizoea. Niachie mimi."

"Mjomba, usimguse."

"Nani kasema kugusa?"

Kesho yake nikashuka na kisu. Nilimkata, nikamtia kwenye ndoo, nikapita barabarani kifua mbele kama niliyeoa. Nikambwaga juu ya meza yake ya kukatia.

"Haya, tazama mdomo mpaka uchoke!"

Zambarau ilikuwa imeshakimbia. Kilichobaki ni kitu cheusi, kimelegea, kinachuruzika ute na kunuka. Kamba wawili walikuwa wamekufa mdomoni.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alichukua tepu, akampima, akaandika. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Umekatia wapi?"

"Chini."

"Chini kabisa?"

"Nimebakiza kidogo. Kisu kilikuwa butu."

Maisha yangu yote nimejisifia ukali wa kisu kile. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa ubutu wake.

"Twende," akasema.

Tulishuka wote wawili. Kisiki kilikuwa pale, kipana kama kisigino, bado zambarau. Alinipa ncha ya tepu niishike. Na ile pumzi yangu maarufu? Nilipanda juu kabla yake, nikikohoa.

"Ataota tena?" nikamuuliza tulipofika ufukweni.

"Wengine huota." Akaandika: kimo, nusu kidole. "Ila kwa mwendo wake, Mjomba, wewe hutamwona."

Siku hizi nikiwa kwa kinyozi, wenzangu wakiomba hadithi zangu za mbizi, nasema koo linaniuma. Kile kitambaa kimetundikwa darasani, mdomo umeachwa mweupe. Watoto wakiniona nikipita hunipungia mkono kutoka dirishani. Nimeanza kupita njia ya nyuma ya shule.